Namna Tulivyoishusha Krauni ya Bi Somoe

Ninyi watatu mliobaki gereji mmeniomba niandike jinsi ya kushusha gari, kwa sababu vijana wa Magomeni na Rahaleo wanawaletea sedani kila wiki na kila mmoja anataka yake ilambe lami. Nimekubali. Mgongo wangu hauniruhusu tena kulala chini ya gari, lakini kalamu bado naishika. Ila nitaandika kwa njia yangu. Vipimo vingi mnavijua, na msivyovijua mtavipata kwa kupima. Nitawaeleza habari ya gari moja ambayo niliiharibu kabla ya kuitengeneza, maana mmeisikia kwa vipande, na kila aliyewapa kipande ameongeza chumvi yake.

Kazi ya springi nilifundishwa na Mzee Anselmo, pale Magomeni ya hapa Mtwara. Watu wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji yeye akiwa mgongoni kwa mama yake, na Kiswahili chake kilibaki na Kimakonde ndani yake mpaka mwisho. Springi aliiita sipilingi. Sisi tuliomcheka siku za mwanzo tulijikuta baada ya mwaka tunasema hivyo hivyo. Siku yangu ya kwanza alinipa uzi na chaki, akaniambia nipime kimo cha gari lililokuwa mbele yangu. Nikapima kutoka chini hadi kwenye paa, nikajiona nimemaliza. Akaniambia paa halimhusu. Akanionyesha pa kupima: kuanzia katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne, kwa sababu tairi likipungua upepo linakudanganya, lakini katikati ya gurudumu hapadanganyi. Wiki nzima sikushika spana. Nilipima kila gari lililoingia, hata lililokuja kubadilishiwa taa, na wenye magari wakadhani nimeajiriwa na fundi cherehani.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na jeki mbili, moja ikiwa na tabia ya kushuka yenyewe kila ulipoanza kuiamini. Cha kubania springi tulikitengeneza wenyewe kwa vyuma viwili virefu vyenye nati na ndoano. Springi iliyobanwa ina hasira kuliko mnyama aliyefungwa, na Mzee alitukataza kukaa mbele yake hata kwa kuokota nati. Mwaka wangu wa pili moja ilichomoka, ikapita nilipokuwa nimechuchumaa dakika moja kabla, ikatoboa ukuta wa matofali. Tundu lile hatukuliziba. Kila mgeni aliyekuja kujifunza alionyeshwa kwanza.

Kuna jambo moja ambalo Mzee Anselmo hakulisema kwa mzaha hata siku moja, nalo ni moto. Alisema springi ilipikwa mara moja kiwandani, ikapata ugumu wake hapo. Ukiipasha tena kwa moto wa gesi italegea na kukaa chini kama unavyotaka, na gari litapendeza machoni, lakini chuma kile kimesahau kurudi juu. Kinachobaki ni nondo iliyopindwa. Nilimwona akimrudisha mteja mzima na gari lake kwa sababu mteja alisisitiza moto. Mzee alipofariki nikahamia Rahaleo na gereji yangu mwenyewe, na kwa miaka mingi nilishika neno lake bila shida yoyote. Sikujua kwamba ilikuwa rahisi kwa sababu hakuna aliyekuwa amenibana sawasawa.

Bi Somoe ndiye aliyekuja kunibana. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu kutoka Nanyamba, mwenye mikorosho yake na banda la kubangulia ambako wanawake sita walifanya kazi, na korosho zake zilifika mpaka Dar. Huko Dar ndiko alikonunua ile Krauni, sedani ya zamani ya wakubwa, ina viti laini, mapazia madogo kwenye kioo cha nyuma na saa ya mishale katikati ya dashibodi. Aliipata kwa bei nafuu kwa sababu moja tu. Nyuma haikuwa na springi za chuma, ilibebwa na mifuko ya upepo, na mifuko ile ilikuwa imechanika yote miwili. Ilifika gerejini kwangu juu ya lori, matako yake yamekaa juu ya matairi.

Nilimuuliza anataka nini. Akasema anataka niishushe.

"Mama, hii imeshashuka yenyewe," nikamwambia, na mafundi wakacheka.

Yeye hakucheka. "Imeanguka, Fundi. Mimi nataka ishuke."

Tangu siku hiyo sijapata maelezo bora zaidi ya kazi hii. Alinieleza kwamba aliiona moja Dar, imekaa chini imetulia, inapita kwenye barabara kana kwamba inateleza, na aliyekuwa akiiendesha ni mwanamke wa rika lake. Kwa miaka thelathini yeye alikuwa amepanda juu ya magunia, kwenye malori ya watu. Aliniambia pia, bila mimi kumuuliza, kwamba kaka yake Mfaume amesema gari la namna ile ni la vijana wahuni, na kwamba maoni ya kaka yake ameyasikia na hayahitaji tena. Mifuko mipya ya upepo hakuwa na uwezo wa kuiagiza. Nikamwambia tutaweka springi za kawaida, za kuokoteza, na kwamba itawezekana.

Mbele haikunisumbua. Zilikuwa springi za chuma tangu mwanzo, nikazikata kwa msumeno, kwa ubaridi, kama nilivyofundishwa. Kwa nyuma nilipata jozi ya springi na shokapu kutoka kwenye gari la ukoo mmoja na Krauni. Zilikaa vizuri lakini zilikuwa ndefu, gari likasimama kama limeshtuka. Na jozi ile ilikuwa imefungwa ncha zote mbili, yaani mzunguko wa mwisho umekazwa juu na chini. Springi ya hivyo ukiikata ncha haikai tena kwenye kikombe chake, yaani kile kitako cha chuma inachokalia. Dawa yake ni moja, kutafuta jozi nyingine. Bi Somoe alikuwa ameniambia anaitaka Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi alikuwa na shughuli ya kumtoa unyagoni mtoto wa ndugu yake, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilimwahidi Ijumaa mbele ya watu.

Mchana ule nikawatuma mafundi wangu wote kula. Nikawasha gesi. Nilipasha springi ya kushoto, kisha ya kulia, gari likashuka taratibu mbele ya macho yangu mpaka pale pale alipopataka. Nilipopima, pande zote mbili zilikuwa sawa kabisa. Nasema hivi ili mjue: kosa langu lilikuwa na vipimo sahihi.

Alifurahi. Alilizunguka gari mara tatu, kisha akavua viatu kabla ya kuingia. Nilimwambia asipakie mizigo nyuma. Nilisema haraka, wakati anawasha injini, kama mtu anayetaka kuwa amesema.

Wiki tatu zikapita. Siku moja akitoka Mtwara kurudi Nanyamba alipakia marobota mawili ya magunia matupu ya kufungashia, mafuta ya kupikia na sukari, na nyuma upande wa kushoto akaketi wifi yake Asumini, mke wa Mfaume. Si mzigo wa kutisha. Springi ya kushoto ilikuwa imeshazama kidogo kidogo siku zote zile, na siku hiyo ikakatika. Tairi likala kwenye fenda mpaka likapasuka kwenye kona, na gari likaingia katikati ya mikorosho. Bi Somoe alitoka na jeraha la paji la uso. Asumini alivunjika mtulinga na mkono.

Mfaume alikuja gerejini kesho yake na kipande cha springi ndani ya kiroba. Alikiweka juu ya meza yangu ya kazi, akasema mkewe yuko hospitali, akauliza kama hiki ni cha kwangu. Nikasema ni cha kwangu. Akaondoka. Afadhali angenitukana.

Wenzangu gerejini walikuwa na jibu tayari. Mama alipakia mzigo, tulimkataza, basi. Fundi mwingine wa jirani alikuja maalumu kunipa jibu hilo hilo, na kuniambia nisiende hospitali kwa sababu nikienda nitaonekana nina hatia. Nilikaa na jibu lile siku mbili. Kila nilipolisema kichwani lilisikika vizuri, na kila nilipokitazama kile chuma nilikiona pale kilipokatika, rangi ya samawati ya moto wangu ikiwa bado inaonekana. Fundi yeyote wa springi angeisoma. Bi Somoe asingeweza kuisoma, na hilo ndilo lililonifanya niende.

Nilimkuta Nanyamba, barazani kwake, ameketi na Asumini aliyekwisha kuruhusiwa kutoka hospitali, mkono umefungwa shingoni. Mfaume alikuwepo. Niliwaambia wote watatu kwamba mzigo haukuwa na kosa. Nilieleza nilichofanya, kwa nini hakifai, nani alinifundisha kwamba hakifai, na kwamba niliwatuma mafundi kula ili wasinione. Sikulia na sikupiga magoti. Nilisema nitagharamia matibabu, na gari nitalitengeneza upya bila yeye kutoa chochote, au nimsaidie kuliuza kama lilivyo.

Mfaume alisema liuzwe kama chuma chakavu, leo hii. Alisema aliliona hili tangu mwanzo. Bi Somoe alimwacha amalize, kisha akanigeukia.

"Fundi, unaweza kuishusha vizuri au huwezi? Usinijibu kwa huruma."

"Naweza."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Safari hii sitakuahidi siku."

Akasema basi nikaichukue. Kaka yake akasimama akaondoka. Aliyebaki kuzungumza alikuwa Asumini, ambaye muda wote alikuwa ananitazama mikono. Alisema hana ugomvi, gari ni la wifi yake, lakini ana sharti moja.

"Siku ya kuijaribu, uje nayo mpaka hapa. Na mkeo akae nilipokaa mimi."

Nikasema nimesikia.

Sikumwambia mke wangu, Zainabu, kwa muda. Nilianza na kazi. Mikindani kuna duka la spea la Bwana Karim, ambaye babu yake alianza na taa za kandili na baiskeli, na nyuma ya duka ana chumba cha springi za zamani ambazo baba yake hakuruhusu zitupwe. Nilikwenda huko mara nne. Bwana Karim alinipa kigoda na tochi, akaniacha nipime unene wa waya wa kila moja. Nilitafuta jozi yenye waya mnene kuliko ile ya kwanza, upana wa kukaa kwenye kikombe kile kile, na ncha moja iliyo wazi, yaani inayokubali kukatwa. Unene ndio siri, vijana. Gari likishushwa lina nafasi ndogo ya kudunda, kwa hiyo springi lazima iwe ngumu zaidi ili iitumie nafasi hiyo vizuri. Anayekata tu springi laini anatengeneza kitanda. Mara ya nne nikaipata jozi, imefunikwa na magazeti ya zamani.

Nilijaza viroba vya mchanga vyenye uzito wa watu, nikavifunga mikanda kwenye viti, na vingine nyuma kwenye buti. Nikapima. Nikatoa springi, nikakata nusu mzunguko kwa grenda, polepole, kitambaa chenye maji kikiwa juu yake. Mkikata, angalieni rangi ya chuma. Ikigeuka samawati mmeshaipika, itupeni. Nikarudisha, nikapima, nikatoa tena. Nilirudia hivyo mara tatu. Shokapu nilitafuta fupi kidogo, ili gari likinyanyuliwa kwa jeki springi isilegee na kuhama kikombe chake. Ukingo wa ndani wa fenda niliukunja ili usile tairi, na kwa kuwa hatuna mashine ya kazi hiyo nilitumia mchi wa Zainabu wa kutwangia, nikiuzungusha kati ya tairi na fenda huku nikimwagia bati maji ya moto rangi isipasuke. Mchi ule alikataa kuupokea tena. Matairi niliyanyoosha kwa uzi, mbele na nyuma.

Bi Somoe alikuja kuangalia. Alitaka kati ya tairi na fenda papite vidole viwili. Nikamwambia vitatu, na kwamba kwa viwili gari silitoi. Tulibishana karibu saa nzima. Alisema safari ya kwanza nilikubali kila alichotaka, sasa nimekuwa mgumu. Nikamwambia ndiyo, ugumu huu ndio uliokosekana. Aliponyoosha vidole vyake vitatu niliona ni vyembamba, nikamwambia kipimo ni vidole vyangu. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Kisha nikamwambia Zainabu. Nilimweleza sharti lile jinsi lilivyo, nikaongeza kwamba halazimiki. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha.

"Wewe ungekaa pale?"

"Mimi nitakuwa kwenye usukani."

"Sijakuuliza hilo."

Nikataka kusema ndiyo, lakini nikakumbuka kitu. Kulikuwa na boliti moja, ya chini ya shokapu ya kushoto, ambayo niliirudisha ya zamani kwa sababu mpya sikuipata. Haikuwa mbovu, ila nyuzi zake zilikuwa zimeanza kuchoka. Nilikuwa nimejiambia inatosha. Nikamwomba Zainabu anipe siku tatu. Nikaenda kwa Bwana Karim, tukapindua masanduku mpaka nikapata ya kufanana, na niliporudi sikubadilisha boliti ile peke yake. Nilifungua nyuma yote, nikafunga upya kila nati kwa mkono wangu, nikaweka alama ya chaki kila niliyoikaza. Siku ya nne nikamwambia ndiyo, ningekaa.

"Basi nitakaa," akasema.

Tulitoka Mtwara asubuhi, Zainabu nyuma kushoto, viroba vya mchanga kwenye buti kwa uzito ulio mara mbili ya ule wa siku ya ajali. Kila tuta nililivuka kwa upande, polepole, nikisikiliza. Hakuna kilichogusa. Tulipokaribia ile kona mguu wangu ukapunguza mafuta wenyewe, karibu gari lisimame.

Zainabu akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Usipite kama mgonjwa. Pita kama watu wanavyopita. Tumekuja kujaribu."

Nikaongeza mwendo. Gari liliinama kidogo kushoto, likakaa, likashika barabara, likatoka upande wa pili. Upande wa kushoto niliona mkorosho mmoja wenye gome lililochubuka, na ukapita.

Nanyamba walikuwa wanatusubiri nje. Mfaume alikuwepo, ingawa alikuwa ameapa hatakuwepo. Hakunisalimia kwanza. Alipiga goti kwenye vumbi, akaingiza mkono kati ya tairi na fenda, nyuma kushoto, akaupitisha duara zima, kisha akakandamiza buti kwa uzito wake wote akaliachia. Gari lilishuka, likarudi mara moja, likatulia. Akasimama akajipangusa goti, akanipa mkono.

Asumini hakuniuliza mimi kitu. Alimwendea Zainabu, wakasalimiana kwa kirefu, wakaulizana habari za watoto, halafu ndipo akauliza kama alisikia chochote njiani.

"Kwenye kona niliusikia moyo wangu," Zainabu akamjibu. "Gari sikulisikia."

Asumini aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali hesabu. Akafungua mlango wa nyuma kwa mkono wake mzima, akaingia, akakaa pale pale, akafunga. Bi Somoe alikuwa ameshanyoosha kiganja mbele yangu, nami nikamkabidhi funguo. Alivua viatu, akaviweka chini ya kiti. Wakaondoka bila kutuaga, wakielekea sokoni, chini kabisa, wametulia, na watoto waliokuwa njiani wakasogea pembeni kuwatazama wanawake wawili watu wazima kwenye gari lililokuwa likipita kama linateleza.

Niliwatazama mpaka walipokata kona. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi siku ile, na nilikuwa nimepima kila kitu mara mbili.

Zainabu alisimama kando yangu, akajifunga khanga vizuri, akaniuliza sasa sisi tunarudije Mtwara.